Mstari Uliokatiza Korongo la Bisil

Siku yangu ya kwanza kazini nilirarua suruali mara mbili kabla ya chai ya saa nne. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mjini Kajiado, nami nilikuwa nimeajiriwa na mpima ardhi wa kujitegemea niwe mshika mnyororo. Ninyi vijana mnaopima kwa setilaiti hamkuujua mnyororo. Ulikuwa utepe mrefu wa chuma. Mmoja anashika mwanzo, mwingine mwisho, mnauvuta mpaka unyooke, kisha mnasonga mbele na kurudia. Mti wa miiba ukikaa kwenye mstari, mnapita papo hapo.

Nilimwonyesha Bwana Mpima yale matundu. Hakuinua jicho kwenye theodolaiti, ile darubini ya kupimia pembe, ambayo hakuruhusu mtu mwingine aibebe.

"Suruali itashonwa," akasema. "Mstari ukipinda, watakaoshonwa ni watu."

Mwaka wa pili tulikwenda Bisil kuwagawia ardhi ndugu wawili waliokuwa hawasalimiani. Walikubaliana jambo moja tu: nusu kwa nusu. Ili kupata nusu, ilibidi kwanza tupime upana wote, na katikati kulikuwa na korongo lenye kina na miiba mitupu. Bwana Mpima alikuwa upande wa pili wa kilima. Mwenzangu Kamau alichungulia korongo, akakunja mnyororo.

"Hii ni kama mita mia mbili," akasema. "Andika mia tatu, tusionekane wavivu."

Nikaandika mia tatu kwenye daftari la vipimo. Kisha tukalala chini ya mti kwa muda ambao kazi ya kweli ingechukua.

Kesho yake Bwana Mpima alipiga hesabu, akahesabu mita kutoka ukingo wa shamba, nasi tukafuata na bikoni, ile nguzo ya zege ya kuonyesha mpaka. Akasimama mbele ya nyumba ya Mzee Lemayian, yule ndugu mkubwa. Akakohoa.

"Mzee, nusu iko hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa ndani."

"Hapa ndani ni kitanda ya bibi yangu," akasema Mzee Lemayian, na rungu lake likahama kutoka kwapani hadi mkononi. Mdogo wake akatabasamu. Nikaona kwamba watu watashonwa kweli, nami nikiwa wa kwanza.

Ndipo mama yao, ambaye kila mtu alimwita Koko, akasogea na fimbo yake. Jana yake alikuwa mlimani na mbuzi.

"Hiyo chuma yenu haikuingia korongo," akasema. "Ililala chini ya mti. Na hawa wawili wakalala nayo."

"Koko alikuwa mbali," Kamau akasema kwa upole. "Pengine aliona watu wengine."

"Mmoja alikuwa na suruali iko na viraka tatu."

Wote wakaitazama suruali yangu. Bwana Mpima aliitazama kwa muda mrefu kuliko wengine.

"Mutiso, ni kweli?"

"Ni kweli, Bwana Mpima."

Sikuwahi kuona aibu kama ile. Nilingoja anifukuze. Akasema tu, "Tunaanza upya, tangu ukingoni. Atakayechoka aende kwao."

Kamau alikumbuka mgongo wake unauma, akapanda lori la Namanga siku ileile. Nikabaki na mnyororo usio na mtu wa pili. Bwana Mpima akavua koti, akashika mwisho mwingine, na tai yake shingoni akashuka korongoni kwa makalio. Tulipima siku tatu, ndugu wote wawili wakitufuata kama mahakimu. Korongo lilikuwa na mita mia moja sabini na moja, na lenyewe lilihitaji asubuhi moja tu. Bikoni ikaangukia mahali patupu kati ya maboma mawili. Koko akaigonga kwa fimbo, akasema, "Sasa mtu atalala."

Nilipanda cheo polepole hadi mpima msaidizi, nikahamia Kitengela ploti zilipoanza kuchipuka kama uyoga. Wenye haraka walitaka tupime tukiwa ndani ya gari. Nilishuka kila mara, na magoti yangu ni mashahidi.

Baada ya kustaafu, majirani waliniomba nipime kinjia chetu kilichokuwa kikizua ugomvi. Jumatatu moja nikapima. Ua uliokimeza kwa mita moja ulikuwa wangu.

"Baba Ndinda," mke wangu akasema, "si ni wewe peke yako umeona?"

"Ndiyo."

"Basi si ungenyamaza?"

Nikachukua mtaimbo. Udongo mweusi wa Kitengela ukikauka ni saruji. Nguzo ya kwanza ya ua ilinichukua mpaka chakula cha mchana, na zilikuwa kumi na nane. Nilipoanza ya pili, Mama Ndinda alitoka na gamubuti miguuni, leso kiunoni, akashika upande wa pili wa nguzo. Tuliing'oa pamoja. Hakunisemesha mpaka Alhamisi.