Sketi Iliyopimwa kwa Utepe wa Kaniki

Kuna siku moja haijapata kunitoka kichwani, mwanangu, na leo umenirudisha huko kwa hiyo sindano ya kroshia na hilo donge la uzi ulilonijia nalo. Unataka nikufundishe kufuma sketi ya kubana, ile ya vyumba vyumba, maana umesikia hata anayeanza anaiweza. Umesikia sawa. Mimi niliianza nikiwa sijafuma hata kitambaa cha kufunikia mtungi. Nitakufundisha, lakini kwanza kaa hapo usikilize, na ukichoka usiniambie, maana mimi mwenyewe nimechoka kuwa na habari hii peke yangu.

Tulikuwa tunakaa Temeke, enzi za Mwingereza, wakati Temeke ni nyumba za udongo na mashamba ya mihogo, na kwenda Mtoni ni kwa miguu. Baba alikuwa karani bandarini. Tulitoka Songea, Wakristo, watu wa kuja, na Mama hakuacha kutukumbusha hivyo kila alipomtuma mmoja wetu kwa jirani. Jirani mwenyewe alikuwa Bi Mwanaidi, Mzaramo wa hapo hapo, aliyemlea mjukuu wake Zaituni tangu mama yake alipofariki. Zaituni ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Sikuwa na mwingine na sikumtaka mwingine. Alikuwa amejaa mashavu, mcheshi, na akicheka alikushika mkono kama wewe ndiye utakayeanguka.

Mama alikuwa na sketi nyeupe ya maua ya waridi aliyoifuma mwenyewe, kazi aliyofundishwa na masista wa misheni. Siku Zaituni alipoiona imeanikwa kambani alisimama pale mpaka bibi yake akaanza kumwita kwa hasira.

"Agata, nifumie mie hiyo," akaniambia. "Lakini inibane hapa na hapa. Nitaivaa siku nitakayotolewa nje."

Kwao, mwanangu, msichana akivunja ungo anawekwa ndani. Anakuwa mwali. Haoni jua, haonekani kwa watu, kungwi anamfunda mambo ya utu uzima, naye anakula na kulala na kusinga mwili miezi na miezi, hata siku anapotolewa kwa ngoma watu wanapiga vigelegele kwa jinsi alivyonenepa na kung'aa. Usimcheke mtu kwa hilo. Wengi waliingia na kutoka salama, wakaolewa, wakazaa, na wakawaweka ndani binti zao pia. Nakuambia tu ili ujue tulikuwa tunasubiri nini.

Tulichana utepe kwenye kaniki kuukuu ya bibi yake, nikampima nyuma ya jiko. Nikafunga fundo moja penye kipimo cha kiuno, na mbele yake, mbali kiasi, fundo la pili penye kipimo cha nyonga. Akawa anacheka kwa kutekenyeka. Hazikupita siku nyingi akawekwa ndani, chumba cha uani, na mlango ukafungwa.

Basi nikaanza kufuma, na Mama akinisimamia. Sikiliza hapa, maana ndiyo kazi uliyoijia. Unafuma mnyororo mrefu, ndio msingi. Juu yake unasimamisha nguzo, unaruka kidogo, unasimamisha nguzo nyingine, na ule uwazi katikati ni chumba kitupu. Ukitaka chumba kilichojaa, unaweka nguzo katikati pia. Hakuna siri nyingine. Vyumba vitupu na vilivyojaa vikikaa juu ya vyenzake ndiyo maua yenyewe. Unaanzia kiunoni, ukishuka unaongeza vyumba pembeni ili sketi ifunguke kwenye nyonga, kisha unanyoosha mpaka chini. Ukikosea, vuta uzi, inafumuka yote kwa mara moja bila kukulaumu. Ndiyo maana wanaoanza wanaipenda.

Nilikosea sana, nikafumua sana, lakini nilikuwa na raha. Nilifumia barazani, na kila nikisikia mlango wa uani kwa Bi Mwanaidi ukilia nilifikiri Zaituni ataweza kunichungulia.

Mama akaniambia jambo moja. "Nguo ya kubana inajaribishwa mwilini mwa mtu. Huyu humwoni, na kule ndani atanenepa. Omba kipimo kila baada ya muda, usije ukafuma sketi isiyompita magotini."

Nikampelekea Bi Mwanaidi ule utepe. Akaingia nao ndani kwa furaha, maana naye aliitamani siku ya kumtoa kuliko sisi wote. Aliporudi nao nikauangalia, nikaona fundo la nyonga limerudi nyuma. Alama ya fundo la zamani ilikuwa bado imejikunja kwenye kitambaa, na fundo jipya lilikuwa nyuma yake, upande wa kiuno. Nikadhani Bi Mwanaidi kakaza mno, macho yake hayakuwa mazuri. Nikafumua, nikapunguza vyumba vya pembeni.

Mara ya pili likarudi tena. Na safari hii hata la kiuno lilikuwa limerudi.

Hapo nilishtuka. Nilikuwa nimeshaanza kusikia kikohozi kule uani ninapopita kwenda kisimani, kikohozi kidogo kikavu, cha mtu anayejizuia. Nikampelekea Mama utepe, nikamwonyesha alama za mafundo ya zamani na mafundo mapya. Mama akauangalia muda mrefu, akaukunja, akanirudishia.

"Mambo ya mwali hayatuhusu, Agata. Sie hapa ni wageni. Watu hawa wametupokea vizuri, usinitie aibu."

Sikumchukia Mama kwa maneno hayo, hata sasa simchukii. Alikuwa anaogopa kuitwa mjuaji. Nikaenda mwenyewe kwa Bi Mwanaidi, nikapiga magoti nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi," nikamwambia Zaituni anakonda. Kungwi alikuwepo, amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Hakunipa hata nafasi ya kumaliza.

"Mtoto wa watu, umeombwa ufume. Fuma. Ya ndani tuachie wenyewe."

Bi Mwanaidi hakunifokea. Alinisindikiza mpaka mlangoni akanieleza taratibu kwamba mwali kukohoa ni vumbi la chumbani, kwamba anakunywa uji, na kwamba akitolewa kabla ya ngoma yake mkosi utamfuata mpaka kwa mumewe. Upande wa mchumba walishaulizia siku. Na hospitali ni lazima aonwe na mwanamume, mchana kweupe, yeye mwali? "Subiri kidogo, mjukuu wangu," akaniambia. "Karibu tunamtoa. Atanenepa tu."

Nikasubiri. Nikarudi barazani, nikafumua, nikapunguza vyumba tena. Nataka uelewe, mwanangu, kwamba kwa macho ya kazi sketi ilikuwa inapendeza. Mkono wangu ulikuwa umeshazoea, nguzo zimesimama sawasawa, waridi limetokea kama la Mama. Waliopita barabarani walinisifu. Mimi nilikuwa nalia, na wakiniuliza nasema ni moshi.

Ule utepe ulipokuja mara ya mwisho, fundo la kiuno na fundo la nyonga yalikuwa karibu kugusana. Sikupima na chochote. Nilijua mtu mwenye kipimo kile hana nyonga, ana mifupa tu. Nikaingia nao jikoni, nikauweka mkononi mwa Mama, nikamwambia, "Nionyeshe nipunguze wapi tena." Mama akatazama. Akaacha chungu motoni bila kukitegua, akatoka na khanga yake begani, na nikasikia sauti yake ikipanda kule kwa jirani, Mama yangu ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti tangu tuhamie Temeke. Kisha nikasikia sauti ya kungwi. Kisha kilio cha Bi Mwanaidi, na hapo mabishano yakaisha.

Walimtoa Zaituni mchana, bila ngoma, amefunikwa khanga usoni na wanawake wawili wamemshika. Walimketisha barazani kwetu wakisubiri mkokoteni wa kumpeleka hospitali. Khanga ikateleza. Alifumba macho kwa jua, maana hakuwa ameliona muda wote ule. Ningepishana naye njiani nisingemjua. Mashavu yote yalikuwa yamekwenda.

Sketi ilikuwa mapajani mwangu, imebaki pindo. Akaiona, akanyoosha kidole akakipitisha kwenye chumba kimoja kitupu.

"Imeisha?" akauliza.

"Bado pindo."

"Wameniambia nimenenepa." Kule ndani hakukuwa na kioo. "Eti nimenenepa, Agata?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia sketi itambana kweli kweli. Akacheka kidogo, akanishika mkono kama zamani, na kikohozi kikamkata. Mkokoteni ukaja.

Hospitali walisema ni kifua, na kwamba aliletwa akiwa amekwisha. Alizikwa kwao, kule nyuma ya mihogo. Ngoma zilizokuwa zimeazimwa kwa ajili ya kumtoa zilirudishwa kwa mwenyewe, nami nilisimama barazani nikaziona zinapita.

Baada ya arobaini Bi Mwanaidi alikuja kwetu akaomba aione sketi. Nilikuwa nimelimaliza pindo, sijui kwa nini, mikono ilitaka kazi. Akaichukua akaanza kuipimisha kwa wasichana wa mtaani, mmoja mmoja, akitaka angalau mmoja aivae amkumbuke mjukuu wake. Haikumtosha yeyote. Urefu wake ulikuwa wa mwanamke mzima na nyonga zake za mtoto mdogo. Wasichana wakubwa haikuwapita magotini, na wadogo waliikanyaga. Bi Mwanaidi akaikunja vizuri, akaipiga piga kwa kiganja, akanirudishia, akaniuliza, "Mbona uliipunguza, mjukuu wangu?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama anayeuliza saa ngapi sasa. Ni yeye aliyeniletea utepe, na ni mimi niliyeupokea, na Mama aliuona, na kungwi alimwona Zaituni mwenyewe kila siku akimsinga mwili kwa mikono yake. Kila mtu alijua kwa sehemu yake. Kila mtu alimheshimu mwenzake. Wengi wamenifariji tangu siku hiyo, padri pia, na marehemu babu yako, mume wangu, alikuwa mtu mwenye maneno mazuri. Hakuna lililonisaidia. Ninazeeka na swali la bibi yule likiwa bichi.

Sasa lipokee neno langu, ndilo nililokukalishia hapa, na kufuma ni kisingizio tu. Ukimpima mtu unayempenda ukakuta amepungua, usiipunguze nguo. Iache ining'inie, ipwaye, iwe mbaya machoni mwa watu, ili kila anayeiona aulize kwa nini. Mimi kila nilipofumua na kuifanya imtoshe, nilikuwa nawasaidia wote wasione. Ukisema mara moja ukafokewa, sema tena. Ukiambiwa hayakuhusu, ingia ukamtazame kwa macho yako, uombe radhi baadaye. Adabu ni kitu kizuri, nimekulea kwayo, lakini aliyekasirika utampigia magoti kesho na atakusamehe. Zaituni sina pa kumwendea.

Haya, futa machozi, utauchafua uzi. Lete utepe. Hapana, si huo wa fundi wenye namba, chana kipande kwenye ile khanga yangu kuukuu. Simama wima, usivute tumbo ndani, hapa hakuna wa kumpendeza. Nitafunga fundo la kiuno na fundo la nyonga, na kila mwezi utakuja mwenyewe nikupime kwa mikono yangu, hata sketi ikiisha, hata ukiolewa mbali. Mungu akulinde, mwanangu. Akupe chakula na hamu ya kukila, akupe jua la kutosha na watu wa kukuangalia usoni. Na sketi hii nitakayokufundisha, akujalie unenepe mpaka ikukatae, uje hapa unanung'unika kwamba haikupiti, nami nikae hapa hapa nikuongezee vyumba.