Kinanda cha Baba Mkwe

Mdogo wangu Maftaha ananitia kichefuchefu, na nalisema hili mimi niliyemlea. Mama yetu alifariki Maftaha akiwa hajaanza shule. Nikamwogesha, nikamlisha, nikamfuta kamasi kwa upande wa khanga yangu mwenyewe, na malipo yangu yakawa kuangaliwa vidole kila nilipompakulia chakula. Mtoto wa umri ule anakuuliza, "Dada, umenawa?" Nilipaswa kumchapa siku ileile.

Kila mtu ana kinyaa chake. Mimi siwezi kumtazama kambale akichunwa. Lakini kinyaa cha Maftaha kilikuwa hakina likizo. Alikuwa na kikombe chake chenye mfuniko, na ole wako ukikinywea. Kwenye harusi alikuwa anashika sahani ya pilau mpaka ipoe, kisha anampa mtu mwingine na kusema ameshiba. Akisalimiana na wewe kwa mkono, unamwona anavizia ugeuke apate kujipaka spiriti. Ana duka la vyombo hapa Bariadi mjini, ndoo, mabeseni, majagi na mabakuli. Mama wa kijijini akiigonga ndoo kwa vidole kujua kama ni ngumu, akitoka tu Maftaha anaifuta ile ndoo. Nilikuwa naona aibu kukaa naye dukani.

Mtu wa namna hiyo akapata mke kama Milembe, na mpaka leo sijui Mungu alikuwa anatufundisha nini. Milembe ni binti wa Ngulyati, kwa mzee Jilala, watu wa ng'ombe. Ni mwanamke wa kucheka kwa sauti, anayeonja mchuzi na kurudisha mwiko sufuriani, anayekushika mkono akizungumza nawe. Alisilimu, wakaoana, akaja kuishi nasi. Sisi asili yetu ni Ujiji, babu ndiye aliyehamia huku na biashara, na mimi baada ya kufiwa na mume nilirudi kwenye chumba cha uani. Kwa hiyo niliishi na wifi yangu ua mmoja, na nilimpenda kuliko nilivyompenda ndugu yangu. Nasema ukweli.

Kilichoivunja nyumba ile ni maziwa. Mzee Jilala alikuwa amekufa, na tulikwenda Ngulyati kumwona mjane wake, mama Ng'washi. Huko, kwa wazee wanaoshika ya zamani, kibuyu cha maziwa husuuzwa kwa mkojo wa ng'ombe, kisha hufukizwa moshi ili maziwa yasiharibike. Kwetu huo mkojo ni najisi, na Milembe alishamweleza mama yake zamani. Yule mama akaelewa vizuri kabisa. Akatafuta kibuyu kipya, akakiosha kwa maji ya moto na sabuni, akakifukiza moshi tu, akakitundika peke yake. Hata wanawe wa kuzaa hawakuruhusiwa kukigusa. Kilikuwa cha mkwe.

Maftaha akapewa maziwa kutoka kwenye kibuyu hicho. Akanusa moshi. Hakuuliza neno. Akainuka na bakuli mbele ya wanawake wote, akaenda mpaka kwenye ua wa zizi, akayamwaga. Mbwa wakaja wakalamba. Mama Ng'washi, kwa heshima ya ukwe, hana ruhusa ya kugombana na mkwewe ana kwa ana, kwa hiyo alijifunika uso kwa khanga akabaki vilevile. Milembe akamwambia mumewe kwamba kibuyu ni kipya, hakijawahi kuona mkojo. Ndugu yangu akasema hakujua. Kisha akaomba maji ya kunawa.

Milembe hakurudi nasi.

Nilikaa, nikangoja Maftaha aende kuomba radhi. Hakwenda, aliona haya, au aliona kinyaa, mimi nilishindwa kutofautisha. Nikaenda mwenyewe na sukari na doti ya khanga. Mama alinipokea vizuri sana, jambo lililonitia uchungu zaidi. Milembe naye aliingia ndani, akatoka na kitu kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Kilikuwa kinanda cha mdomo cha marehemu baba yake. Mzee Jilala alikuwa akikipuliza tangu ujana, ng'ombe wakinywa maji, na kulikuwa na wimbo mmoja wa kunyweshea ambao Milembe mwenyewe huuimba kwa kuguna akifua nguo. Akaniambia nikampe Maftaha. Ajifunze wimbo ule, aje aupige mbele ya mama. Siku atakayoweza kutia mdomoni kitu kilichotoka mdomoni mwa watu wake, ndipo watazungumza habari ya kurudi.

Niliona ni sharti jepesi. Tulipokifungua kile kinanda mezani nikaacha kuliona jepesi. Marehemu alikuwa mtafunaji wa tumbaku. Kila tundu lilikuwa na utando wa kahawia uliokauka, bati lilikuwa limeota kutu ya kijani, na harufu yake ilikuwa ya kinywa cha mzee asubuhi. Maftaha akachokoa tundu moja kwa kijiti cha meno, ukatoka unywele wa sharubu. Hapo hata mimi nilikwenda kusimama mlangoni.

Akakichemsha. Mtu mzima mwenye leseni ya biashara alitia kinanda kwenye sufuria pamoja na sabuni ya unga, akakichemsha kama nepi. Katikati ya kinanda kile kuna ubao mwembamba wenye matundu, na ubao ukachemka, ukavimba, ukatokeza nje kuliko mabati. Alipopuliza, kikalia kama mbuzi aliyekabwa, kisha kikanyamaza kabisa. Nilimwambia amemuua baba mkwe mara ya pili.

Ikabidi aende kwa Joakim, fundi wa redio hapo sokoni, mtu anayepigia kwaya kinanda na anayejua kukarabati kila chenye sauti. Joakim akakifungua, akatuonyesha vile vijiulimi vya shaba vinavyotetemeka upepo ukipita. Akauanika ubao, akaupiga msasa, akakifunga upya. Halafu, kabla Maftaha hajasema lolote, akakitia mdomoni mwake na kukijaribu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akakipangusa kwenye suruali, suruali ile yenye grisi, akamrudishia. Ndugu yangu alitembea hadi nyumbani amekishika kwa vidole viwili mbali na mwili wake, watu wakimtazama.

Basi mafunzo yakaanza, uani, kila alasiri, nami sina pa kukimbilia. Sijawahi kusikia kitu kibaya kama kile. Kwanza alishindwa kupata sauti moja. Akipuliza yanalia matundu matatu kwa pamoja, yote yakigombana. Joakim alikuja kumfundisha kubana midomo kama mtu anayenyonya soda kwa mrija, na akamwambia ailambe midomo na kile kinanda kwanza, kwa sababu midomo mikavu haitelezi. Maftaha kulamba hakutaka. Akawa anaifuta midomo ikauke, ndiyo awe safi, na bati likawa linaichuna ngozi. Akawa anazunguka dukani na vidonda mdomoni, wateja wakidhani ana ugonjwa. Akimaliza kupuliza, mate yanamchuruzika kidevuni, anakimbilia bomba. Kopo la spiriti lilikuwa kando yake muda wote, na kila baada ya mapulizo machache anafuta, ananusa, anakunja uso, anarudia. Nilikuwa napika nikiwa nimeupa mgongo ua mzima.

Wiki zikapita na wimbo haukutoka. Nilioujua mimi kwa kumsikia Milembe ulikuwa unapanda na kushuka vizuri. Wa Maftaha ulikuwa na mapengo, sauti mbili zipo, ya tatu haipo. Joakim alikaa akamsikiliza, akamwangalia kifua, ndipo akagundua.

"Unapuliza tu," akamwambia. "Huvuti. Nusu ya sauti za kinanda hiki zinatoka ukivuta pumzi ndani."

Maftaha akajibu kwamba hilo analijua tangu siku ya kwanza. Hawezi kuvuta. Akivuta, kilichomo humo kinamwingia. Joakim akamuuliza kimebaki nini humo baada ya kuchemshwa, kupigwa msasa na kunyweshwa spiriti. Maftaha akakifuta tena kwa spiriti. Alipoondoka fundi, ndugu yangu akaniambia kwamba labda atatafuta wimbo mwingine, wa kupuliza tu.

Nilimtolea uvivu. Nilimwambia mimi nimemfuta mavi, na kamasi zake nimezifyonza kwa mdomo wangu alipokuwa mdogo, mafua yamembana hawezi kupumua, na sikuwahi kuuliza kilichomo. Nilimwambia amekaa na mwanamke mzuri miaka yote hiyo, amempoteza kwa moshi wa kibuyu, na sasa anatafuta njia ya kumrudisha bila kuvuta pumzi. Nikamwambia ananichefua. Aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza nikaona ndala za Milembe zimepangwa chini ya kiti chake, zimeoshwa.

Ijumaa iliyofuata alirudi kutoka msikitini, hakufungua duka. Akakaa uani, akakitia kinanda mdomoni, akavuta. Akakohoa. Akaenda kwenye mtaro akatapika chai yote, akasukutua, akarudi, akavuta tena. Machozi yalikuwa yanamtoka. Safari hii mate yalimshuka mpaka kwenye kanzu na hakukimbilia bomba. Ile sauti ya tatu ikatoka, nyembamba, inatetemeka, lakini ndiyo yenyewe. Nilikuwa nachambua mchicha, nikauacha. Sikuwahi kumpenda ndugu yangu kama siku ile.

Kufikia msimu wa kuuza pamba, wimbo ulikuwa mzima. Midomo ilipona ikakomaa. Alijifunza kukigonga kinanda kiganjani ili mate yatoke, kama wapigaji wote wafanyavyo, na kopo la spiriti nikaona limerudi chumbani. Joakim alikuja akasikiliza mpaka mwisho, akasema hana la kuongeza. Tukakodi bajaji kwenda Ngulyati.

Mama Ng'washi alikaa ndani ya mlango, amegeuza ubavu, kama inavyompasa mbele ya mkwe. Maftaha akasalimia, macho chini, "Mwadila, mayu," akaomba radhi kwa maneno machache yaliyonyooka, kisha akapiga. Alipiga vizuri. Pale wimbo unapopanda na kuvuta pumzi ndefu, alivuta, kifua kikajaa, na yule mama ndani akaanza kusema na binti yake kwa Kisukuma. Milembe akanitafsiria kwamba hapo ndipo ng'ombe walipokuwa wakiinua vichwa. Wimbo ulipokwisha, mama akasema kwa sauti ya kusikika nje, "Wabeja." Alikuwa anamshukuru mkwe wake. Mimi nikajua yamekwisha, na moyoni nikaanza kupanga mizigo ya wifi yangu itakaaje kwenye bajaji.

Milembe akaja akaketi kando ya mumewe. Akakichukua kinanda mkononi mwake, na bila kukifuta akakitia mdomoni, akapiga sehemu inayofuata. Kumbe wimbo una sehemu nyingine, ya wakati ng'ombe wanaondoka mtoni. Alipiga kama bila shaka alivyopiga baba yake, bila kujionyesha, huku amefumba macho. Kisha akampa.

"Sasa wewe," akasema.

Kinanda kilikuwa kinang'aa kwa mate yake. Maftaha akakipokea akitabasamu. Akakigonga kiganjani, sawa. Akakigonga tena. Akawa anamsifu, anamwambia hakujua kama anajua, na wakati anasema hivyo mkono wake mwingine ulikuwa umeshika pindo la shati na unafuta, tundu baada ya tundu, taratibu, mpaka pembeni. Hakujua anachofanya. Ndilo lililonichefua kuliko yote niliyowahi kuyaona kwake, kwamba hakujua, na tabasamu lilikuwa bado usoni.

Milembe alingoja amalize kufuta.

"Mate ya baba yangu umeyavuta," akamwambia.

Maftaha akautazama mkono wake, akaliachia lile pindo. Akasema alijitahidi.

"Najua. Hata kwangu ulikuwa unajitahidi. Kila ukitoka kunikumbatia ulikuwa unakwenda bafuni kusukutua. Ulidhani nimelala."

Mimi niliinama nikaiangalia miguu yangu, kwa sababu ukuta wa chumba changu umepakana na bafu lile, na maji yale nilikuwa nayasikia kila mara nikidhani ni udhu.

"Nitajifunza na hilo," Maftaha akasema. "Nipe muda. Hiki nacho nilikuwa sikiwezi."

"Mimi si kinanda, Maftaha."

Hakusema kwa hasira. Alimwachia kinanda mkononi, akaniinua mimi, akanisindikiza hadi barabarani amenishika mkono kama kawaida yake, kiganja chake kina jasho na changu kina jasho. Nilitaka kumwombea ndugu yangu, na nilikuwa na maneno, lakini kila nililotaka kusema nililiona halifai.

"Wewe karibu siku yoyote, wifi," akaniambia. "Ila njoo peke yako."

Nikamwambia nitakuja.