Cheti Changu Hakina Mshenga

Nakumbuka asubuhi moja, sebuleni kwa baba mkwe wangu hapa Igogo, niliyotakiwa kunyamaza nami nikasema. Mwanangu Akinyi, kaa vizuri, weka hiyo simu chini. Tangu jana uliporudi kutoka kwenye usaili na uso ule nimekuwa nikikuangalia tu, na watu wa nyumba hii wanadhani nimekosa la kusema. Mimi? Nikose la kusema!

Wewe umetoka Kisumu na uhasibu wako ukaolewa na mwanangu. Mimi nilitoka Masaka na wangu nikaolewa na baba yake, nikapanda meli Bukoba, nikashuka Mwanza nimeikumbatia bahasha ya vyeti kama mtoto mchanga. Nilikuwa nimesomea Kampala, nimefaulu, na nilikuwa nimeshatia saini hesabu za kampuni zenye majina. Nilijua kazi nitaipata wiki ileile.

Nikaenda kwenye kampuni moja ya kusindika samaki, upande wa Kirumba. Meneja wake, Bwana Masalu, alikitazama cheti changu, akakigeuza nyuma, akacheka.

"Dada yangu, hiki ni cha kwenu. Hapa utakitundika ukutani. Ila kazi ipo. Utaandaa hesabu zote, kijana wangu atasaini. Wewe tutakuita karani."

"Nikiandaa mimi, kwa nini asaini yeye?"

"Kwa sababu yeye anatambulika."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, mwanangu, na hasira yangu yote. Sikuwa nalilia mshahara. Nilitaka kazi niliyoifanya iwe na jina langu, basi.

Sasa, baba mkwe wangu, Mzee Kamugisha, Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu mstaafu na Mhaya wa kweli. Kwake jambo zito halikuwa na mwenyewe, lilikuwa na mshenga. Unataka mke, unatuma mtu. Umegombana na jirani, unatuma mtu. Aliposikia habari zangu akawaita ndugu, akatangaza kwamba hata bodi ya wahasibu, ile inayosajili, itatumiwa mtu: mzee mmoja wa kanisani kwao, anayemjua mtu anayemjua mtu. Angekwenda na mkungu wa ndizi na kikapu cha kahawa za kutafuna, awaambie kwamba mkamwana wetu ana tabia njema, mpokeeni. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, nawazungushia wageni kahawa hizohizo, maana kwa Wahaya ndivyo mgeni anavyopewa heshima.

Nikasimama.

"Baba, naomba unisamehe. Mlipotaka kunioa mlimtuma mshenga kwa baba yangu, nami nikafurahi. Lakini cheti hiki sikuposewa, nilikisomea. Huyo mzee wakimuuliza habari za kodi atawajibu nini? Nitakwenda mwenyewe, na nitasema mwenyewe."

Shangazi mmoja akashika mdomo. Mume wangu Deo akaanza kukagua dari, utadhani ni fundi. Mzee Kamugisha alitafuna kahawa yake polepole, kisha akaniuliza:

"Na wakikukataa?"

"Watakuwa wamenikataa mimi, baba. Si mshenga."

Nikaenda. Wala hawakunikataa. Ofisa aliyenipokea alinieleza bila maringo kwamba bodi ya kule kwetu iwathibitishie uanachama wangu moja kwa moja, kisha nifanye mitihani ya kodi na sheria za hapa. Masomo mengine nimesamehewa. Nilikasirika, sikufichi. Mimi, nikae tena kwenye chumba cha mtihani! Lakini njiani nilijiuliza kodi za Tanzania nimezijulia wapi. Nikaona hili si dharau. Dharau ilikuwa ile ya Masalu.

Ukarani wake niliukataa. Watu wakasema mke wa Deo ana kiburi, na kweli nilikuwa nacho, ninacho mpaka leo. Nikauza dagaa pale soko la Mwaloni, nikasoma sheria nimekaa juu ya gunia, wenzangu wakinitania: "Mama Kodi, leo unatutoza nini?" Mtihani wa kodi uliniangusha mara ya kwanza. Nikaurudia.

Siku niliposajiliwa, ndugu walikuja tena. Nikapiga magoti nichukue kikapu cha kahawa, kumbe Mzee Kamugisha ameshakiwahi. Akaja nacho mwenyewe mpaka mbele yangu, akasema, "Karibu, mhasibu." Kahawa ile niliitafuna huku nalia.

Kwa hiyo huyo aliyekuambia jana kwamba uandae hesabu mwenzako asaini, mwambie hapana, na umwambie umesimama. Usimwazime mtu kichwa chako akivalishe jina lake. Mambo yakienda vizuri atasifiwa yeye, yakiharibika watakutafuta wewe. Mitihani ya hapa wakikupa, ifanye, kwa sababu kila nchi ina sheria zake na mhasibu asiyezijua ni hatari kwa watu. Lakini kusoma zaidi ni jambo moja, na kukubali kuitwa mdogo ili upewe kiti ni jambo lingine. Hilo la pili likatae hata kama nyumba nzima itashika mdomo. Mimi nipo nyuma yako.

Umeniomba nimpigie simu mtu ninayemjua kule bodi, maana sasa nawajua wengi. Sipigi. Kesho nitavaa kitenge changu kizuri nikusindikize mpaka kwenye benchi la nje ya ofisi ya bodi, nikushikie mkoba. Mlangoni utaingia peke yako.

Mungu akupe sauti isiyotetemeka, mwanangu. Jina lako lisomeke katika nchi hii na asiwepo wa kuuliza limetoka wapi.

Haya, kile kikapu cha kahawa kiko wapi? Hapana, usinyanyuke, kaa hapohapo. Leo nazungusha mimi.