Mama Yolande na Mlima Aliouahidi

Mama Yolande alichagua mlima kwa sababu alijua hakuna mlima.

Ilikuwa mwaka 2017, mchana kweupe, katikati ya Ziwa Mweru, ndani ya mtumbwi ambao injini yake ilikata tamaa kabla ya abiria. Nyuma yao ilikuwa Kongo na milio ya bunduki. Mbele ilikuwa Zambia, mstari mwembamba wa kijani uliokuwa ukionekana na kupotea. Maji yaliingia, wajukuu wake wawili wamebanwa katikati ya magoti yake, na kila mtu mtumbwini alikuwa akimwahidi Mungu kitu. Mmoja aliacha pombe. Mwingine alitoa mbuzi ambaye wote walijua askari wamekwisha kumla. Mama Yolande, muuza samaki tangu ana miaka kumi na miwili, hakukurupuka. Aliijua nchi waliyokuwa wakiiendea: tambarare, mchanga, mihogo na matete. Ndipo akafungua mdomo.

"Baba Mungu, ukitufikisha salama, nitapanda mulima mukubwa, nikushukuru kule juu."

Mawimbi hayakupungua. Basi akafanya kama afanyavyo sokoni mteja anaposita: akaongeza matabishi, ile konzi ya mwisho inayotupwa juu ya kipimo ili mteja aondoke anacheka.

"Na nitapanda na miguu yangu, muzigo yangu ku kichwa, bila musaada ya mutu."

Upepo ukatulia. Wakafika.

Siku ya kwanza Kenani, kwenye mahema ya kupokelea wakimbizi, alisimama akageuka pande zote nne. Kitu kirefu kuliko vyote kilikuwa kichuguu, na juu yake amesimama mbuzi. Moyo wake ulikuwa umejaa shukrani ya kweli. Miguu yake nayo ilikuwa na shukrani yake.

Baadaye walihamishiwa kwenye makazi, akapewa shamba, akapanda mihogo, na mara tatu kwa wiki akaenda Kabuta, kijiji cha ufukweni mwa ziwa, kununua chisense, vile visamaki vidogo vinavyoanikwa mchangani hadi vinang'aa kama vipande vya bati. Ni huko Kabuta alikokutana na Kangwa, Mzambia mwenye misuli ya miguu migumu kama mpini, aliyekuwa akipakia samaki kwenye baiskeli na kuisukuma hadi vijiji vya bara.

"Ukoo gani, mayo?" Kangwa alimuuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni. Mayo ni mama kwa Kibemba.

"Samaki."

Kangwa alinyoosha mkono, akachota chisense kwenye beseni la Mama Yolande, akatia mdomoni na kutafuna huku akimtazama usoni. Yeye alikuwa wa ukoo wa Mamba. Koo hizo ziko ng'ambo zote mbili za ziwa, na Mamba na Samaki ni watani tangu kabla ya mpaka. Mtani hukutukana, hukunyang'anya kitu mbele za watu, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeshindwa. Mama Yolande alimpiga kwa kitambaa cha kufunikia beseni, akamwambia ana meno ya mtu aliyezikwa akafukuliwa, na wote wawili wakacheka mpaka wakajishika mbavu. Tangu atoke Kongo hakuna mtu aliyekuwa amemtukana kwa upendo. Usiku ule alilala vizuri.

Kosa lake lilikuwa ushuhuda. Kila mwaka kanisani alisimulia ile safari ya mtumbwi, na kwa kuwa alikuwa msimulizi mzuri, aliisimulia pamoja na mlima. Watu walilia. Yeye mwenyewe alilia, halafu akamalizia kwa huzuni: "Niko tayari, bandugu. Paka mulima njo haiko," yaani kilichokosekana ni mlima tu.

Mwaka wa nane, Pasta Léopold alisimama madhabahuni akatangaza kwamba kanisa limepata lori. Waimbaji wataenda mashariki ya nchi, upande wa Mafinga, kupanda mlima mrefu na kushukuru. Siku tatu, na vibanda viwili vya kulala njiani, vilivyojengwa na makanisa ya kule. Alipofika hapo, kanisa zima liligeuka kumtazama Mama Yolande.

Alikuwa na miaka sitini na mmoja na goti la kushoto lisilotabirika. Nyumbani alimweleza Mungu habari za goti. Mungu alikuwa kimya kama mtu aliyeshika kikapu akingoja kujaziwa.

Basi akafunga mzigo. Angeweza kufunga kanga na Biblia tu, lakini aliogopa Mungu asije akasema huo si mzigo. Akaweka blanketi, sufuria, unga, na samaki wakubwa sita waliokaushwa kwa moshi. Alipopanda lori alimkuta Kangwa amekaa juu ya magunia. Kanisa lilikuwa limemchukua abebe vyombo vya kupikia.

"Weye si wa kanisa hii," alimwambia.

"Mimi ni mtani. Ukifia huko, kuzika ni kazi ya watani. Nimebeba jembe."

Siku ya kwanza walipita msituni. Ardhi iliyoinuka ilimshangaza: kila hatua ilikuwa ngazi, na hakuna aliyekuwa amewaambia ngazi hiyo haina mwisho. Waimbaji walianza na nyimbo tano, wakabaki na mbili, kisha wakabaki na pumzi. Kwenye kibanda cha kwanza, chumba kimoja cha mabati chenye vitanda vya miti, walilala ishirini wamebanana kichwa kwa miguu kama chisense kwenye mkeka. Baridi iliingia mpaka ndani ya meno. Watu wa ziwa hawakuwa wamewahi kuona pumzi zao.

"Usiogope, mayo," Kangwa alisema gizani. "Samaki kwenye baridi haozi. Tutakurudisha mzima."

"Na mamba inakufa na baridi. Nasikia baridi yako inaanza ku kichwa, ndani iko tupu."

Watu walicheka, na kucheka kuliwapa joto kidogo.

Siku ya pili goti liliamka kabla yake. Kufikia saa nne lilikuwa limevimba kama muhogo. Dada mmoja wa kwaya akasema, "Mama, leta muzigo." Akakataa. Mwingine akaja, akakataa. Kijana wa ngoma akaja na fimbo, akaikataa hata fimbo. Pasta Léopold alipunguza mwendo, akatembea naye.

"Mama, Mungu anaelewa."

"Anaelewa sana, Pasta. Njo ile inaniogopesha."

Alifika kibanda cha pili wakati wenzake wameshakula na sufuria zimeshaoshwa. Pasta alikuwa akimngojea mlangoni, na uso wake haukuwa wa mzaha.

"Kesho iko jiwe na mwinuko mpaka juu. Na ile muzigo, weye hautafika, utaanguka, na mimi nitasema nini kwa wajukuu wako? Uchague. Uache muzigo kwa vijana, upande nasi. Ao ubaki hapa na muzigo yako."

Akaingia ndani. Mama Yolande alikaa kwenye kizingiti, goti amelinyoosha mbele. Akiuacha mzigo, amevunja ahadi. Akibaki nao, amevunja ahadi. Mlima ulikuwa juu yake, mweusi. Akawakumbuka wale wawili aliowabana magotini, ambao sasa mmoja alikuwa mrefu kuliko yeye na mwingine akijua kuendesha baiskeli. Mungu alikuwa ametoa kipimo kizima, bila kupunja. Yeye, miaka minane, alikuwa ameficha mikono nyuma. Aliona aibu, na aibu hiyo ilikuwa baridi kuliko kibanda.

Kangwa alikuwa karibu na moto, akifuta sufuria. Alikuwa amesikia yote. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakumtukana.

Asubuhi alipotoka, mzigo haukuwapo mahali alipouweka.

Akatazama huku na huku. Mwinuko ule wa mawe ulikuwa umeanza kupata mwanga, na juu yake, hatua kama mia mbele, Kangwa alikuwa amesimama na mzigo wake kichwani, akicheza kiuno.

"Mamba amekamata," aliita kwa sauti iliyowaamsha waliokuwa bado wamelala. "Anayetaka samaki wake amfuate. Nikifika juu nawala wote, na blanketi hili natupa. Linanuka kama mjomba wake."

Pasta Léopold alitoka na mswaki mdomoni. "Kangwa, rudisha vitu ya mama."

"Utani, Pasta."

Mama Yolande alisimama. Alifikiri upesi, kama sokoni wanunuzi wawili wanapofika pamoja. Je, amesaidiwa? Hapana. Aliyesaidiwa huulizwa kwanza, na husema asante. Yeye hakuulizwa, na kama hapa pangekuwa na asante, ahadi ingekufa papo hapo. Kwa hiyo pasiwe na asante. Pasiwe na hata tabasamu.

"Mwizi," alisema, akafunga kitenge vizuri kiunoni, akaanza kupanda.

Alipanda akitukana. Alimtukana Kangwa miguu, akamtukana masikio, akamtukana baiskeli. Alisema mke wake alikubali kuolewa naye kwa sababu ya giza. Kila alipoishiwa pumzi, Kangwa alisimama juu akamrushia tusi jipya, na tusi lilihitaji jibu, na jibu lilihitaji hatua tatu zaidi ili lisikike. Waimbaji walimfuata wakicheka, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono, kwa sababu huingilii watani wanapochapana. Pasta alikuja mwisho.

Mara moja, kwenye jiwe lenye utelezi, goti lilikataa kabisa. Akakaa. Kangwa naye, kule juu, akakaa. Alifungua mzigo taratibu, akatoa samaki mmoja, akamwinua ili aonekane na kila mtu, akamuuma kichwa.

Mama Yolande akainuka.

Kileleni palikuwa na rundo la mawe na upepo. Hatua kumi chini yake Kangwa alitua mzigo katikati ya njia, akajitupa pembeni.

"Umenishinda," alisema. "Ni mzito kama mdomo wako. Chukua."

Mama Yolande hakumtazama. Alipiga goti moja, lile zima, akainua mzigo mwenyewe, akauweka kichwani, na akazipanda zile hatua kumi kwa miguu yake, bila mkono wa mtu. Chini yao kulikuwa na mawingu tu. Ziwa halikuonekana, wala Kongo.

"Baba Mungu," alisema, kwa sauti ileile anayoongea nayo na wateja wa siku zote, "ni miye Yolande, wa mutumbwi. Nimefika. Nilichelewa miaka minane, nilikuwa nakudanganya, na ulikuwa unajua. Asante juu ya batoto. Muzigo ni huu. Samaki moja haiko, niliibiwa. Hakuna mutu alinisaidia. Mashahidi beko hapa."

"Ni kweli, Bwana," alisema Kangwa, kofia mkononi, mwiba wa samaki umenasa kwenye sharubu. "Mimi ni mwizi."

Wote walimgeukia Pasta Léopold. Alilitazama goti lililovimba, akautazama ule mwiba, na mabega yake yakaanza kutikisika. Ilimchukua muda kusema amina.

Waliimba wimbo mzima, bila kuruka ubeti. Ulipokwisha na watu wakaanza kushuka, Mama Yolande alibaki ameketi juu ya mzigo wake, kwa sababu goti halikukubali tena mazungumzo yoyote. Kangwa akaja, akamgeuzia mgongo, akachuchumaa.

"Panda."

"Sasa uko unanisaidia?"

"Nani amesema? Nakupeleka chini kwenye maji. Huku juu mamba hali."

Alifikiri kidogo. Kisha akamkabidhi kijana wa ngoma mzigo, wote, na sufuria yake, akazungusha mikono shingoni mwa Kangwa, na wakaanza kushuka, yeye akimwelekeza pa kukanyaga kwa kumvuta sikio.