Burma Wanaanza na Upande wa Pili

Rekodi yangu ya tatu ndiyo iliniharibia usingizi. Si ati ilikataa. Ilitoka vizuri, na shida ilianzia hapo, kwa sababu mwenye duka la rekodi huko mjini, yule aliyekuwa akichukua tepu zangu na kuzipeleka kiwandani, alitaka ya nne ifanane na ya tatu. Na ya tatu, mimi mwenyewe nilijua, ilikuwa ile ya pili imebadilishwa maneno.

"Kijana yangu," aliniambia, "watu wakipenda chapati, unawapikia nini?"

"Chapati."

"Basi. Hii keki unaniletea ni ya nini?"

Nilikuwa nimemaliza fomu foo, nakaa kwa wazazi Kaloleni, na mzee wangu, mtu wa reli, alikuwa ameshaongea na mwenzake ili niingie ofisini kama karani. Kila jioni akivua viatu ananiuliza, "Hii kazi ya kushika gitaa za wenyewe itaisha lini?" Hakuwa na ubaya. Aliona tu aibu mtoto aliyesoma kuzunguka mtaani na mashine ya tepu ndani ya kiondo cha mathe.

Kazi yenyewe nilikuwa nafanyia kwa hall ya mtaa, mchana, kabla kwaya haijaingia. Nilikuwa na maiki moja tu, naifunga kwa mti wa fagio, fagio naifunga kwa kiti. Huwezi kupunguza sauti ya mtu kwa mashine, unampunguza kwa miguu. Besi ikizidi, namwambia mwenyewe arudi nyuma. Mpiga ngoma anakaa mbali na maiki, pembeni ya mlango, ngoma imefunikwa blanketi. Kila mtu alama yake nachora sakafuni kwa chaki, tukimaliza nafuta na kitambaa kilichoroa, kwa sababu wamama wa kwaya hawakuwa na mchezo.

Na rekodi za siku hizo, wimbo mmoja ulikuwa unakatwa mara mbili. Upande wa kwanza unaimba polepole, unaeleza stori yako. Upande wa pili gitaa inakimbia na watu wanacheza. Katikati lazima mtu asimame ageuze rekodi. Hicho kimya cha kugeuza nilikichukia sana. Jumamosi nilikuwa naenda soko la Burma, kwa vibanda vya nyama choma, kusikiliza tu vile watu wanapokea nyimbo, na naona rekodi ikifika mwisho, watu wanarudia mifupa yao, moto umezima.

Nikapata wazo. Upande wa kwanza uishe na gitaa ikiuliza swali, iache hewani. Upande wa pili uanze na jibu. Hapo hakuna mtu atarudia mfupa.

Nilimwambia mpiga gitaa wangu, fundi wa karakana ya reli, mtu mzima kunishinda, na yeye ndiye alikuwa anaimba. Akacheka.

"Omera, ndugu yangu, unataka niwaache watu na njaa?"

"Ndiyo."

"Watatutupia mifupa." Halafu akaangalia mkono wake. "Lakini ukweli hata mimi nimechoka. Vidole vyangu siku hizi ni kama punda wa maji. Vinajua njia, mwenyewe nimelala."

Na kweli, siku ya kurekodi punda alikataa kusimama. Anafika kwa swali vizuri, halafu vidole vinalifunga vyenyewe, tiririri, wimbo umeisha. Tukarudia mpaka tepu ikaanza kuniuma roho. Yeye anaapa, "Hii ya sasa naacha," na haachi. Wamama wa kwaya walikuwa karibu kufika. Nikaona huyu hataweza kuacha, basi nimwache mimi. Nikafungua maiki kwa fagio, na alipoanza swali nikatembea kinyumenyume na maiki mkononi, nikapita mpiga ngoma, nikatoka mlangoni mpaka waya ukakaza. Gitaa ikabaki huko ndani ikimaliza mambo yake. Kwa tepu kulibaki watoto wa Kaloleni wakigombania mpira, na mama mmoja akiita mtu achukue mafuta ya taa. Upande wa pili tulianzia hapohapo nje, nikiingia na maiki, na jibu likinijia.

Mwenye duka alisikiliza, kichwa kimeinama.

"Haya ni makosa ama ni maringo?"

"Ni wimbo."

"Nitatoa nakala moja ya kujaribu. Upeleke huko kwenu Burma. Wakiitisha tena, endelea na wazimu wako. Wasipoitisha, unanipikia chapati."

Mzee wangu alisikia hayo maneno, naye akayashika. "Wasipoitisha, Jumatatu unavaa tai."

Jumamosi tuliketi Burma mimi na mpiga gitaa, mbavu mbele yetu. Mama wa kaunta ndiye alikuwa na mamlaka ya sindano. Nilimpa rekodi. Akaifuta na leso, akaiweka upande wa pili.

Nikasimama. Mpiga gitaa akanivuta shati. "Kaa chini."

Miaka yote nimekaa pale nikiona wanaanza na upande wa pili, kwa sababu upande wa kwanza ni maneno na watu wamekuja kula na kucheza. Nilifikiria kila kitu, hilo sikufikiria.

Spika ikatoa watoto na mpira.

"Mama!" akaita mkata nyama. "Fukuza hao watoto!"

"Watoto gani? Hakuna mtoto hapa!"

Watu wakageuza shingo kuangalia mlango. Gitaa ikaingia, ikijibu kwa nguvu. Wakacheza, sikatai. Lakini ilipoisha, mzee mmoja akanyoosha mfupa kama rula.

"Sasa huyu alikuwa anajibu nani?"

"Nitajuaje?" mama akasema.

"Si ugeuze tujue!"

Akageuza. Burma ikasikiliza maneno, kitu sijawahi kuona, hata kisu cha mkata nyama kikapumzika. Gitaa ikauliza, ikatoka mlangoni, sindano ikabaki ikikwaruza.

"Geuza tena!" Hawakuwa mmoja. "Mama, geuza!"

Mpiga gitaa akaninong'onezea, "Wameitisha." Mimi nilikuwa nimeshaanza kusikia besi iko mbali sana.

Jumatatu sikuvaa tai. Mzee wangu aliuliza tu, "Waliitisha wimbo ama waliitisha nyama?" Nikaenda mjini. Mwenye duka alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kijana yangu, ya tano iwe kama hii. Na mlango usisahau. Watu wanataka mlango."

Nilirudi Kaloleni kwa miguu, kiondo begani, hasira imenijaa na sijui ni ya nani. Mpiga gitaa nilimkuta nje ya hall, ananingoja.

"Amesemaje?"

"Leo hakuna mlango."

"Haya. Badala yake kuna nini?"

"Sijui. Toa gitaa."