Daktari Alimkaribisha Mume Wangu

Taya langu lilivunjwa Kibondo kwa mpini wa jembe. Mume wangu alinipeleka mwenyewe hospitali, akamwambia daktari nimeteleza na ndoo ya maji, na daktari akampa pole yeye. Mimi nilikuwa natema meno. Nilifungwa bandeji kuanzia kidevuni hadi utosini, na siku nilipopata nguvu ya kutembea nikapanda gari la Kasulu, nikaenda kujificha kwa shangazi yangu, kijiji cha Titye. Hakuna aliyejua nilipo isipokuwa shangazi, na baadaye nesi mmoja.

Nesi huyo alifanya kazi kwenye zahanati ndogo mjini Kasulu, nyuma ya mashine ya kusaga. Aliponiangalia mdomoni alisema mfupa umeanza kuunga vibaya, utahitaji kupasuliwa, na daktari anayeujua ni yule wa Kibondo. Nikatikisa kichwa. Kibondo sirudi, hata kwa jeneza. Basi akasema tutaongea naye kwa simu ya video, kupitia kompyuta ya zahanati.

Sijapata kuona watu waangalifu kama wale. Mwenye zahanati, mfanyabiashara wa Kiislamu aliyekuwa na duka la simu pale mbele, alikuwa ametenga intaneti ya wagonjwa na ile ya wateja wake waliokaa benchi kuangalia mpira. Pasiwadi ilikuwa ndefu, na nesi aliiandika bila kuitamka. Alifunga mlango. Akachomeka hedifoni za waya ili walioko nje wasisikie, upande mmoja akaniwekea sikioni, wa pili akajiwekea yeye. Akahakikisha kwenye kioo hakuna jina geni. Nilimpenda kwa hayo yote. Tangu niolewe sikuwahi kujiona salama kiasi kile.

Daktari akatokea, mpole, kalamu mfukoni. Aliuliza hali, nesi akanijibia, kisha akatuomba tusubiri kidogo kwa sababu kuna mtu anaingia.

"Nimemkaribisha na baba," alisema, "ili tukubaliane kwa pamoja."

Na mume wangu akatokea kwenye kioo.

Nesi alikuwa ameshamweleza daktari kwamba nilipigwa na kwamba nimekimbia. Daktari alisikia ugomvi wa nyumbani, na ugomvi wa nyumbani huku kwetu humalizwa kwa kuwakalisha wote pamoja. Tena mke hapasuliwi mpaka mume akubali. Namba ya mume alikuwa nayo, kikao kilikuwa chake, na aliyeruhusu mtu kuingia alikuwa yeye. Nesi alipomwambia kwa ukali amtoe huyo mtu, alimjibu atulie, tusiharibu mambo kwa hasira.

Mume wangu alimsalimia daktari vizuri kabisa, akamshukuru kwa kunitunza. Macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa nyuma yangu, dirishani, ambako lilionekana paa la bluu la mashine na magunia yaliyopangwa barazani. Yeye ni mnunuzi wa mahindi, na pale amesagisha mara nyingi. Nilichokuwa sijui ni kwamba tangu asubuhi alikuwa Kasulu ananitafuta. Alimwomba daktari aeleze upasuaji taratibu, tangu mwanzo, kwa kuwa yeye hakusoma. Kisha picha yake ikaanza kucheza: mawingu, kola ya shati, mawingu tena, na upepo mwingi.

"Mtandao wako unasumbua, baba," daktari alisema, akarudia habari ya vyuma na nyaya kwa subira.

Mkanda wa mashine ile huwa unateleza, na ukiteleza unapiga yowe. Ulipiga yowe dirishani. Papo hapo nikalisikia yowe lile lile ndani ya sikio lenye hedifoni, likitoka kwenye simu ya mume wangu.

Nilimshika nesi mkono nikamwonyesha nje. Sauti iliyonitoka ilikuwa ya mbuzi. Alielewa. "Mana yanje," alimwita Mungu kwa Kirundi cha mama yake, akakimbilia komeo, na mlango ukamwangukia. Mume wangu alipita juu ya mlango ule, nesi akiwa chini yake. Akaishika bandeji yangu kama mtu anavyoshika kamba ya ng'ombe, akanipiga ngumi palepale penye mfupa. Nilisikia ukivunjika upya. Nilianguka na trei ya vifaa, mkono wangu ukapata mkasi, nikauzamisha kwenye paja lake. Nikauchomoa, nikauzamisha tena, na ningeendelea. Sina aibu na hilo.

Kwenye kioo daktari alikuwa anapaza sauti, "Baba, tafadhali. Baba, tuongee." Hadi mwisho alimwita baba.

Wabeba magunia wakaja mbio, weupe kwa unga, wakamburuta nje. Walimpiga mpaka unga wa mikononi mwao ukawa mwekundu. Nilikuwa nimelala sakafuni nasikiliza, na sikutaka waache. Polisi ndio waliowaachisha.

Nililazwa hospitali ya Kasulu, na baada ya siku chache daktari akaja mwenyewe kunipasua. Aliniomba radhi kando ya kitanda, macho yamemwiva, nami niliamini kwamba anaumia kweli. Kisha akatoa simu mfukoni, akaanza kutafuta namba.

"Sasa kwa kuwa baba yuko mahabusu," alisema, "ruhusa nimwombe nani? Shemeji yako anapatikana?"

Sikuweza kusema. Nikajipiga kifua kwa kiganja. Alinitazama bila kuelewa, kidole bado kiko kwenye simu. Nikajipiga tena, kwa nguvu, mpaka manesi wa zamu wakageuka, na nikaendelea kujipiga mpaka alipoiweka chini.