Nazi za Shangazi Naomi

Enzi zetu Jumapili ilianza Jumamosi adhuhuri. Nyinyi wa rika langu mliokulia Kisauni mnajua nisemalo. Nywele zilisukwa kwa uzi mweusi hadi macho yakavutika, nguo zikapigwa pasi ya makaa, na viatu, kwa waliokuwa navyo, vikapakwa rangi na kuwekwa dirishani. Asubuhi tulipakwa mafuta ya nazi kuanzia kisogo hadi vidole vya miguu, tukanywa chai ya rangi kwa mahamri yaliyolala, na saa mbili tulikuwa njiani, tumeonywa kwamba atakayeinama kucheza mdako na gauni la kanisani atakiona. Watoto wa siku hizi huamka saa nne, wakauliza wakiwa bado kitandani kama ibada inaonyeshwa kwenye simu. Sisi hatukuulizwa kama tunakwenda. Tuliulizwa tu kama tumenawa masikio.

Lakini Jumapili iliyozishinda zote ilikuwa ile ya Mavuno. Siku hiyo hakuna aliyekwenda kanisani mikono mitupu. Aliyekuwa na shamba alileta mihogo na ndizi, mwenye kuku alileta kuku, na sisi watoto tulibeba mayai ya kuku tuliowalisha wenyewe. Mlangoni pa kanisa iliwekwa meza ndefu, na nyuma yake wakakaa kina mama wenye leso za rangi moja, wakipokea kila kitu kwa mikono miwili na kushukuru. Ibada ikiisha, vyote vilitolewa uwanjani vikapigwa mnada. Na kwetu ilikuwa desturi kwamba ukinunua kitu, na moyo wako ukakusukuma, unakirudisha kipigwe mnada tena. Nilimwona jogoo mmoja akinunuliwa na kurudishwa hata akachoka kuwika, na mwishowe akaenda nyumbani na yule yule aliyemleta. Hata jirani yetu Bi Zuhura, aliyekuwa Muislamu wa kuswali swala zote, hakukosa mnada huo. "Kuku wa Mavuno wanono, wallahi," alikuwa akisema. "Wamelishwa kwa nia."

Mkuu wa meza ile alikuwa Shangazi Naomi, dada mkubwa wa Baba. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno machache, na hayo machache aliyaweka akiba. Baba naye alikuwa mtu wa sauti. Alifanya kazi kiwandani Changamwe, na kanisani alikuwa ndiye besi ya kwaya. Akifungua kinywa, sisi watoto wa viti vya mbele tuliisikia ile sauti kwenye mbao tulizokalia. Nilijivunia sana kuwa mtoto wa sauti hiyo.

Kwetu pwani kiwanja huwa na mwenyewe, na mnazi uliomo ukawa na mwenyewe mwingine, na wala hakuna anayeshangaa. Babu alipofariki, kiwanja na nyumba vilibaki kwa Baba, lakini minazi mitatu ya karibu na kisima alipewa Shangazi Naomi, aliyekuwa ameolewa ng'ambo ya barabara. Kila nazi zilipoanguliwa zilikwenda kwake. Kwa nazi hizo alipika vitumbua na mbaazi za kuuza asubuhi, na kwa vitumbua hivyo akasomesha wanawe.

Kisha Baba akazoea tembo. Mwanzoni alikunywa Jumamosi, kisha siku zikawa hazina majina. Ili tembo lisimpungukie, akamruhusu mgema apande ile minazi ya kisimani. Kwa asiyejua, mnazi ukigemwa hauzai. Ua lake hukatwa kidogo kidogo kila siku, utomvu ukadondoka kibuyuni, na huo utomvu ndio tembo, na nazi ambazo ua hilo lingezaa ndizo hizo zimenywewa. Shangazi alikuja kuuliza. Nilikuwa kisimani nachota maji na niliyasikia yote.

"Mnazi u kwangu, wanywa maji ya kisima changu," Baba akamwambia. "Ukiutaka, njoo uung'oe uende nao."

Shangazi alijifunga leso yake vizuri, akatoka, na hakukanyaga tena uani kwetu. Tangu hapo alinunua nazi sokoni kama mgeni, na vitumbua vyake vikapungua ukubwa.

Baba akaacha kwaya, kisha akaacha kanisa. Na mangwe aliyoipenda, banda la kunywea tembo, ilikuwa nyuma ya ukuta wa kanisa hilo hilo. Basi Jumapili tulipoanza wimbo ndani, besi ilikuwa ikiingia kutoka nje. Nasema kweli. Sisi twaimba kwa vitabu, naye yuaimba kwa kikombe mkononi, na hakukosea hata noti. Watoto wenzangu walicheka. Mama aliinamisha kichwa, na mimi nilijifanya natafuta kitu chini ya kiti. Mpaka leo sijui aibu nyingine iliyonichoma kama ile.

Ndipo akaja kasisi mgeni, kijana mwembamba kutoka bara. Jumapili yake ya kwanza alinyamaza katikati ya wimbo akasikiliza ukuta. Baada ya ibada aliuliza ile besi ni ya nani. Walipomwambia, alikwenda mangweni na kanzu yake vilevile, akakaa kwenye benchi kando ya Baba, akakataa tembo, akaomba maji. Baba mwenyewe ndiye aliyetusimulia alichoambiwa. "Bwana, sauti yako inakuja kanisani kila wiki. Mwili ndio umechelewa."

Nafikiri Baba alikuwa akingoja mtu wa kumcheka bila kumdharau. Majuma machache baadaye alisimama mbele ya kanisa zima kurudi kundini, kama ilivyokuwa kawaida, akalia waziwazi, watu wakapanga mstari kumpa mkono. Shangazi Naomi alibaki kitini pake na macho kwenye mapaja. Kasisi, ambaye hakujua habari za minazi, alimwambia Baba kwamba toba haiishi kwa machozi, akaondoe kitu kinachomrudisha kule. Baba akatii. Siku ile ile alimfukuza mgema pamoja na vibuyu vyake, akaweka nadhiri kwamba nazi za kwanza za minazi ile atazipeleka kwa Mungu siku ya Mavuno.

Ulikuwa mwaka mrefu. Mikono yake ilitetemeka mpaka akashindwa kushika kikombe cha chai. Alitukusanya kila jioni tukasali, na sala zake zilikuwa ndefu hata tukasinzia tumepiga magoti, naye hakutuamsha. Tulikuwa tukienda kisimani kuangalia juu. Maua yakawa vidaka, vidaka vikawa vitale, vitale vikawa madafu, na Baba hakuruhusu hata dafu moja liguswe. Mama alizihesabu siku za Baba bila tembo kwa minazi ile. Alijua, nasi tulijua, kwamba siku Baba atakapotikisika mahali ni pale pale nyuma ya ukuta, na njia ya kwenda huko alikuwa akiipita kila Jumapili.

Mavuno yakafika. Mkwezi alipanda, nazi zikashuka, Baba akazipanga mwenyewe kwenye pakacha la makuti mabichi. Nilimwona Mama akimtazama, akafungua kinywa, akakifunga. Miaka mingi baadaye aliniambia, "Nilimwachia Mungu aseme, mwanangu. Ningesema mimi ingekuwa vita."

Tukapanga mstari mlangoni, Baba mbele, mimi nyuma yake na mayai yangu. Ilipofika zamu yake alilitua pakacha mezani, akanyooka, uso wake uking'aa kwa furaha. Nyuma ya meza alikuwa Shangazi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kutazamana karibu hivyo.

"Stefano," Shangazi akamwita.

"Naam, dada."

"Nazi hizi zatoka wapi?"

"Za kisimani, dada. Ndizo za kwanza."

"Na minazi ya kisimani ni ya nani?"

Furaha yote ikamtoka usoni. Naapa alikuwa amesahau. Alikuwa ameifanya yake kwa muda mrefu hata moyo wake ukaamini, akaja kumtolea Mungu kwa unyofu wote mali ya dadake.

"Siwezi kumpa Mungu changu kwa mkono wako, ndugu yangu," Shangazi akasema. Hakupaza sauti, lakini mstari mzima ulisikia. Bi Zuhura, aliyekuwa kivulini akingoja mnada, akanong'ona, "Ya Rabi, stara."

Baba aligeuka akatazama ukuta. Nilimwona. Ile njia ilikuwa hatua chache tu kutoka hapo, na aliyemfahamu Baba wa zamani angebashiri kwamba atalipiga teke pakacha na kuifuata. Mama alinishika bega hata mayai yakagongana kikapuni. Nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo sikuwa nimefundishwa, kwamba asimwache aende.

Baba akavua kofia. Akalishusha pakacha kutoka mezani, akaizunguka meza, akaliweka miguuni pa dadake.

"Ni zako," akasema. "Na minazi ni yako, na zile zote nilizozinywa zilikuwa zako. Nilitubia tembo, wewe nikakusahau. Nisamehe, dada. Basi mimi sina cha kuleta."

Shangazi akainama, akafungua pakacha, akaigusa nazi ya juu. "Sasa zimefika kwa mwenyewe," akasema. Akaiokota akaitia mikononi mwa Baba, kisha ya pili, kisha nyingine, mpaka mikono ikajaa na nyingine zikamdondoka zikabingirika barazani, watoto tukazikimbilia. "Hizi nakupa mimi. Sasa una chako. Tia mezani."

Baba akazitia mezani akilia, na Shangazi akazipokea kwa mikono miwili, akamshukuru kama alivyomshukuru kila mtu. Siku hiyo besi ilitoka ndani. Shangazi aliimba na kichwa kimeinuka, na Mama hakuweza kuimba kabisa.

Mnadani Bi Zuhura alinunua nazi moja kati ya zile, akaigeuzageuza, akairudisha. "Nazi hii imepatanisha ndugu," akasema. "Mimi siwezi kuikuna." Ikanunuliwa tena ikarudishwa, ikazunguka uwanja mzima, mwisho kasisi akainunua akaipanda kando ya ukuta, upande unaoelekea mangwe. Mnazi huo ungalipo, unazaa.

Tangu mwaka huo kila nazi zilipoanguliwa Baba alizibeba zote hadi kwa Shangazi, naye akamrudishia fungu, na vitumbua vikarudia ukubwa wake wa zamani. Tulikula hivyo vitumbua tukiwa na imani kwamba hakuna duniani watu matajiri kama sisi. Namshukuru Mungu kwa Baba aliyekubali kuaibika mchana kweupe. Namshukuru zaidi kwa Shangazi, kwa sababu angeweza kuzipokea zile nazi kimya kimya, ibada ikaendelea vizuri, na ndugu wawili wakafa hawasemezani.

Wote wawili wamelala sasa. Kisima kimefukiwa, minazi mitatu imekatwa, na pale uani pamesimama nyumba ya kupangisha ya ghorofa nne. Wanangu hununua tui la pakiti, na nikiwaambia mnazi unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine, hunitazama kwa huruma. Sadaka tunatoa kwa simu. Sina ugomvi nayo, maana miguu yangu imechoka na simu haichoki. Nabonyeza, na papo hapo najibiwa kwamba sadaka yangu imepokewa. Lakini haijawahi kuniuliza nazi ni za nani. Basi kabla sijabonyeza hufumba macho, nikamweka Shangazi Naomi nyuma ya meza yake na leso yake, nikangoja aniulize. Zipo Jumapili ambazo hunirudisha kwanza kwa jirani, nikamlipe kilicho chake.